Mji Uliopimwa Kabla ya Kuvunjwa

Mgeni anayeingia Mji Mkongwe wa Warsaw hamalizi saa nzima kabla hajasimuliwa habari za Canaletto. Waongoza watalii wanaipenda, na si ajabu, maana ni hadithi tamu. Katika miaka ya 1770 mchoraji wa Kiitaliano, Bernardo Bellotto, aliyejiita Canaletto kwa jina la mjomba wake, alichora mitaa ya mji mkuu wa Poland kwa ajili ya Mfalme Stanisław August Poniatowski. Alitumia sanduku la giza lenye lenzi, lile lililoitangulia kamera, na hakuacha kitu: madirisha, magari ya farasi, mbwa, nguo za maskini. Karne mbili kasoro baadaye Wajerumani wakaubomoa mji, na Wapolandi wakazitoa picha zile wakajenga upya kwa kuzitazama.

Hadithi hiyo ina ukweli, ila ni ukweli nusu. Picha zenyewe zipo. Ishirini na mbili kati yake zimetundikwa katika ukumbi wake ndani ya Kasri la Kifalme, na nilikaa mbele yake muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kunitupia jicho. Jumba la Branicki kweli lilirudishwa kwa kumfuata Bellotto, hadi sanamu zilizopangwa juu ya paa. Shida ni kwamba Uwanja wa Soko, ambao ndio moyo wa Mji Mkongwe, haumo katika picha hizo. Bellotto alipenda mitaa mipana ya wakubwa, Krakowskie Przedmieście na Miodowa na Długa. Vichochoro vya wafanyabiashara nyuma ya kuta hakuvipa turubai. Tena alikuwa mchoraji, si mpimaji, na mahali palipomkera jicho alipasawazisha kwa brashi. Huwezi kumkabidhi mwashi picha ya namna hiyo ukamwambia haya, jenga. Mwashi atataka kujua ukuta una unene gani, dirisha linaanzia kimo gani kutoka sakafuni, boriti zimelala upande upi, ngazi inageukia wapi. Picha ya rangi, hata ikiwa nzuri namna gani, haina majibu hayo.

Waliokuwa nayo ni wanafunzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Profesa Oskar Sosnowski alianzisha Idara ya Usanifu wa Kipolandi katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Warsaw, na sehemu kubwa ya mafunzo yake ilikuwa kuwatoa vijana darasani wakapime majengo ya kale. Si kazi ya kumpa mtu sifa. Unapewa nyumba iliyojengwa karne ya 15, ikaongezwa ghorofa karne ya 17, ikapigwa lipu na kutiwa nakshi karne ya 18, kisha karne ya 19 mwenye nyumba akaigawa vyumba vya kupangisha. Humo ndani hakuna kona hata moja iliyo mraba. Kwa hiyo hupimi urefu na upana ukaondoka. Unapima na mshazari wa kila chumba, kutoka kona hii hadi ile ya mkabala, ndipo umbo lake la kweli lijitokeze kwenye karatasi. Unateremsha timazi kutoka dirisha la juu uone ukuta umelala kiasi gani. Mmoja anashika ncha ya futi ya utepe, mwingine anasoma, wa tatu anaandika, na anayeandika ndiye anayelaumiwa jioni mahesabu yasipokutana. Nakshi za fremu za milango zina adha yake peke yake, maana mkunjo wake haupimiki kwa rula. Njia ya kale ni kuukandamizia ukanda mwembamba wa madini ya risasi mpaka ushike kila bonde na kila kilima, uubandue taratibu bila kuupinda, uulaze juu ya karatasi na kuufuatisha kwa penseli.

Vijana wa Sosnowski hawakuwa wakijiandaa kwa maafa. Walikuwa wakitafuta shahada. Lakini kwa kazi hiyo ya kuchosha, nyumba baada ya nyumba, mji ukawa na nakala yake ya karatasi iliyofungwa makabatini. Sosnowski mwenyewe alikufa Septemba 1939, Warsaw ikiwa imezingirwa, kwa majeraha aliyoyapata katika jengo la kitivo chake. Wavamizi walipofunga vyuo vikuu, masomo yakaendelea kwa siri, na upimaji nao ukaendelea, sasa wapimaji wakijua vizuri kwa nini wanapima. Mwaka 1944 ulipokuwa unakwisha, Jan Zachwatowicz, aliyekuwa mwalimu katika idara ileile, na wenzake waliitorosha sehemu ya michoro hiyo nje ya mji na kuificha katika makaburi ya chini ya monasteri ya Piotrków Trybunalski. Ikakaa na wafu hadi vita vilipopita.

Kati ya makabati na makaburi hayo mji wenyewe uliondoka. Uasi wa Warsaw ulianza tarehe 1 Agosti 1944 ukadumu siku 63. Mji Mkongwe ulishikiliwa karibu mwezi mzima chini ya mizinga na ndege, na wapiganaji waliosalia wakatoroka kwa kutambaa ndani ya mifereji ya maji machafu. Hata hivyo mapigano hayakuwa ndiyo mwisho wa uharibifu. Wapolandi waliposalimu amri, wakazi walifukuzwa wote, kisha vikosi maalumu vya Kijerumani vikaingia na baruti na mitambo ya kurusha moto vikapita mtaa kwa mtaa. Kuta za Kasri la Kifalme zilikuwa zimetobolewa maelfu ya matundu ya kutilia baruti tangu mwanzo wa uvamizi. Matundu hayo yalikaa miaka kadhaa yakingoja, na Septemba 1944 yakajazwa. Mtu anayependa kazi ya mikono husikia kichefuchefu cha aina yake hapo, kwa sababu kutoboa matundu kwa mpangilio, kwa kimo kimoja na nafasi sawasawa, nako ni ufundi. Jeshi la Kisovieti na la Kipolandi lilipoingia tarehe 17 Januari 1945, majengo takriban asilimia 85 ya Warsaw ya ukingo wa kushoto wa mto Vistula yalikuwa kifusi au magofu.

Wapo waliotaka mji mkuu uhamie Łódź, ambako kuta zilikuwa zimesimama. Hilo halikufanyika. Februari 1945 ikaundwa Ofisi ya Ujenzi Mpya wa Mji Mkuu, BOS kwa kifupi, na Zachwatowicz akapewa idara ya majengo ya kale. Yeye alikuwa mtu wa hifadhi, na hifadhi ya zama zile ilikuwa na mwiko mmoja mkubwa: usighushi. Kilichobaki kilinde, kilichokwisha kimekwisha. Mwaka 1946 alikiri kwa maandishi kwamba anavunja mwiko wa fani yake, na akatoa sababu. Majengo haya hayakufa kwa uzee wala kwa ajali, yaliuawa ili watu wake wakose kumbukumbu. Basi vizazi vijavyo vipewe angalau umbo lake, hata kama si mawe yaleyale. Nampenda kwa kuwa hakujidanganya. Wako wajenzi wengi waliojenga bandia na kuapa kwamba ni ya asili. Yeye aliijua dhambi anayoitenda, akaitenda kwa vipimo sahihi.

Kabla ya kujenga ilibidi kuchambua. Kifusi cha Warsaw kilikadiriwa kufikia mita za ujazo milioni 20, na ndani yake mlikuwa na mabomu yasiyolipuka na miili ya watu. Wanaume na wanawake walisimama katika mistari wakipitishiana matofali mkono kwa mkono. Tofali zima liligongwa kwa nyundo ndogo hadi chokaa ya zamani idondoke, kisha likapangwa na wenzake. Vipande vikasagwa na kuchanganywa na saruji, vikawa matofali ya kifusi yaliyojengea mitaa mingine. Mawe yaliyochongwa yalikusanywa peke yake: kipande cha fremu ya mlango, nusu ya ngao ya ukoo fulani, mkono wa mtakatifu. Haya hayakuwa malighafi. Yalikuwa ushahidi, na kila moja lilitafutiwa mahali pake kwenye michoro ya wanafunzi.

Kazi hiyo ya kugonga tofali iliwezekana kwa sababu ambayo fundi wa Lamu au wa Unguja ataielewa mara moja. Kuta zile zilijengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini kuliko tofali, hivyo ukuta ukianguka kiungo ndicho kinachoachia na tofali linasalimika. Saruji haiachii, inang'ang'ania mpaka inalivunja tofali pamoja nayo. Ndiyo sababu hiyohiyo wahifadhi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hukasirika wakiona nyumba ya mawe ya matumbawe imepigwa lipu ya saruji: unyevu unafungiwa ndani, na ukuta unaoza huku nje umependeza. Chokaa inapumua. Inachukua maji na kuyatoa, inapasuka kidogo na kujiziba, na inamsamehe fundi atakayekuja baada yako miaka mia tatu.

Kwingineko mjini kazi ilikuwa ya mbio. Serikali mpya ya kikomunisti ilileta mtindo wa Kisovieti wa waashi watatu watatu, mmoja akimwaga chokaa, mwingine akipitisha tofali, wa tatu akilaza tu, na magazeti yakatangaza rekodi za matofali kwa zamu kana kwamba ni matokeo ya mpira. Sina la kusema juu ya rekodi hizo. Mji ulikuwa na watu wanaolala kwenye vyumba vya chini vya magofu, na kasi ilikuwa rehema. Lakini mwashi wa namna hiyo ukimpeleka kujenga upinde wa Kigothiki ataona umemwonea.

Maana kifusi kilipoondolewa, kuta zilizobaki zilianza kusema mambo ambayo hakuna aliyeyajua. Moto na mabomu vilikuwa vimebandua lipu ya karne nne. Chini yake yakatokea matofali mekundu ya karne ya 15, vijumba vya ukutani vilivyozibwa, pinde za madirisha yaliyosahauliwa. Mbele ya mafundi likawa swali ambalo michoro haikulijibu: mji urudi kama ulivyokuwa lini? Wangeweza kuurudisha ulivyokuwa Agosti 1939, na ghorofa za nyongeza, na mabanda ya kupangisha yaliyobanana uani mpaka jua lisifike chini. Hawakutaka. Waliurudisha katika sura inayoegemea karne ya 17 na ya 18, wakayaacha mabanda ya uani yaende, wakafungua nyuma ya nyumba kwa hewa na miti. Na pale upinde wa Kigothiki ulipochungulia, mara nyingi waliuacha wazi, lipu ikazungushwa kandokando yake kwa uangalifu, hata leo unatembea ukakuta uso wa nyumba ya karne ya 17 umekatwa na jeraha jekundu la matofali. Katika Warsaw ya kabla ya vita usingeweza kuliona hilo. Ni mji uliotoka vitani na miaka mingi zaidi kuliko ulioingia nayo.

Ndani ya nyumba kulikuwa na uhuru mkubwa zaidi. Nyuso mbili zenye rangi na nakshi tofauti, ukiingia unakuta ngazi moja inazihudumia zote mbili, fleti zina bafu na mabomba ya kupasha joto, na wapangaji wa kwanza walipewa na serikali. Ardhi yote ya mji ilikuwa imechukuliwa kwa amri ya Oktoba 1945, jambo lililoacha kesi zisizokwisha mahakamani hadi karne hii. Msanifu wa hifadhi hakuulizwa maoni kuhusu hilo, lakini bila amri ile asingeweza kuzichanganya nyumba za watu mbalimbali nyuma ya kuta zake. Ufundi mzuri mara nyingine hukaa juu ya meza ambayo wewe usingeipiga msumari.

Sasa nije kwenye kilichonisimamisha zaidi, nacho ni lipu.

Uwanja wa Soko ulitakiwa ufunguliwe tarehe 22 Julai 1953, sikukuu kubwa ya serikali, na kundi la wasanii likakabidhiwa nyuso za nyumba zinazouzunguka. Hawakujaribu kuigiza mapambo ya zamani. Kwa nyumba nyingi hakukuwa na kumbukumbu yake ya kutosha. Walibuni mapya, kwa mkono wao wa karne ya 20, na njia moja waliyoitegemea ni sgrafito. Inaelezeka kwa sentensi mbili na haifanyiki kwa maisha mawili. Unapiga ukutani tabaka la kwanza la lipu ya chokaa iliyotiwa rangi, tuseme nyeusi ya makaa au nyekundu ya unga wa tofali. Kabla haijakauka unalifunika kwa tabaka la pili jembamba la rangi nyepesi, kisha unakwaruza la juu ili la chini lionekane.

Ugumu wote umo katika ile "kabla haijakauka". Chokaa haikauki kwa kupoteza maji tu. Inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Mapema mno, kisu kinaburuta uji na ukingo unajikunja. Ukichelewa, kinaruka na kumega. Katikati kuna saa chache, nazo hutofautiana ukuta kwa ukuta kufuatana na jua, upepo na kiu ya matofali yaliyo chini. Kwa hiyo fundi hapigi lipu ukuta mzima. Anapiga kipande anachojua atakimaliza kabla ya jioni. Mchoro uko tayari kwenye karatasi kubwa iliyotobolewa matundu ya sindano kwenye kila mstari. Anaibandika ukutani, anaipigapiga kwa kifuko cha unga wa makaa, anaibandua, na vitone vyeusi vinamwonyesha njia. Kisha anakata. Hafuti, kwa sababu hakuna cha kufutia. Mkwaruzo uliokosewa unazibwa kwa lipu mpya na doa lake hubaki.

Nilisogea ukutani kadiri mtu anavyoweza kusogea bila kufukuzwa. Kutoka katikati ya uwanja unaona ua, mnyama, mkanda wa mapambo. Kutoka umbali wa mkono unaona kingo. Mahali fundi alipokata kwa kisu kilicholala, ukingo una mteremko, na mwanga wa saa nne asubuhi unaweka kivuli chembamba kinachofanya mstari uonekane mnene kuliko ulivyo. Mahali alipokata wima, mstari ni mkavu, hauna kivuli. Katika jani moja alianza kwa mteremko akamalizia wima, na jani likaonekana linageuka. Milimita chache za lipu zimefanya kazi ambayo rangi isingeifanya. Nilijaribu kumwonyesha mwenzangu. Akatazama, akasema ndiyo, akaenda kununua kahawa.

Kwenye namba 36, upande wa kaskazini wa uwanja, kuna kichwa cha Mwafrika kilichochongwa kwa jiwe, na nyumba inaitwa kwa kichwa hicho tangu zamani. Wafanyabiashara wa Ulaya waliweka alama kama hizo juu ya milango kabla nyumba hazijapewa namba, na sura ya mtu mweusi ilitangaza bidhaa za ng'ambo. Upande huo haukubomoka wote. Sijui nimfikirieje Mwafrika huyu. Aliwekwa pale kama tangazo la biashara, amewaona wenye nyumba wakiondoka, na mafundi wa 1953 walimrudishia nyumba yake na kumweka safi. Nilimwamkia.

Si kila walichokifanya kinanishawishi. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane lilikuwa na uso wa karne ya 19, wa kuigiza Ugothiki wa Uingereza. Zachwatowicz hakuurudisha, alibuni uso mwingine wa matofali katika mtindo wa Kigothiki wa jimbo la Mazovia, akiongozwa na mchoro mdogo wa mji wa zamani. Matofali ni safi, mistari ni sawasawa, na ndilo jengo pekee katika Mji Mkongwe ambalo kwangu linafanana na wazo. Pengine ni kwa sababu hapo palikosekana ule upimaji wa wanafunzi, na mkono usiobanwa na vipimo hunyoosha kila kitu.

Kisha kuna matofali yenyewe. Ya Warsaw hayakutosha, yakaletwa kwa treni kutoka Wrocław, Szczecin na miji mingine iliyokuwa ya Ujerumani kabla ya 1945, ambako magofu yaliyoweza kuokolewa yaliangushwa ili kupata tofali zima. Mji mmoja wa kale ulilishwa miji mingine. Na ndani ya Warsaw penyewe, dakika chache kwa miguu kutoka kwenye sgrafito yangu, kuna Muranów, ambako palikuwa na mtaa mkubwa wa Wayahudi, kisha ghetto, iliyosawazishwa na ardhi mwaka 1943 baada ya wakazi wake kuuawa. Pale hapakurudishwa kitu. Msanifu Bohdan Lachert alijenga nyumba mpya kwa matofali ya kifusi, juu ya matuta ya kifusi chenyewe, ndiyo maana majengo mengi yamekaa juu kuliko barabara na unapanda ngazi kuyafikia. Michoro na vipimo vya mitaa huweza kufichwa kaburini vikasalimika. Waliouliwa wangekuwa ndio wateja wa mafundi, wapangaji, wenye kudai nyumba yao irudi vilevile, na hawakuwapo kudai.

Tanzania ina kipande chake cha habari hii, ingawa cha pembeni. Wakati Warsaw inaungua, Wapolandi kama 5,000 walikuwa wanaishi Tengeru, karibu na Arusha, wengi wakiwa wanawake na watoto waliopitia kambi za Siberia. Wengi wao hawakutoka Warsaw bali mashariki, katika ardhi iliyobaki mikononi mwa Wasovieti, kwa hiyo mji uliojengwa upya haukuwa wa kuwarudisha nyumbani. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo, na yanatunzwa.

Kasri la Kifalme lilichelewa. Serikali iliahidi mwaka 1949 ikaacha, na nafasi ikabaki wazi hadi uamuzi wa Januari 1971. Fedha zilitoka kwa wananchi na kwa Wapolandi wa ng'ambo. Saa ya mnara ikaanza tena Julai 1974, saa tano na robo asubuhi, dakika ileile iliyosimama Septemba 1939. Vyumba vilifunguliwa kwa umma mwaka 1984. Watu huzitazama dhahabu. Mimi nilitazama viraka. Mwaka 1939, kasri likiwa bado linatoa moshi, Stanisław Lorentz wa Makumbusho ya Taifa na watu wake walibeba kutoka humo milango, mabamba ya mbao, mawe ya mahali pa moto, vipande vya nakshi za plasta, na vitu hivyo vimerudishwa ukutani, kila kimoja kikizungukwa na kipya kilichochongwa ili kikifae. Fundi aliyechonga kipya alilazimika kuiga hata uzembe wa mwenzake wa karne ya 18: jani lililokaa upande, ua lenye petali moja nyembamba. Ameiga bila kuongeza lake. Nje, kando ya kasri, nguzo mbili zilizowahi kuibeba sanamu ya Mfalme Zygmunt zimelazwa chini zikiwa zimevunjika, huku mfalme mwenyewe amesimama tangu 1949 juu ya ya tatu.

Mwaka 1980 Unesco iliuandika Mji Mkongwe wa Warsaw katika orodha ya urithi wa dunia, na kilichoandikwa si karne ya 15 wala ya 18 bali ujenzi mpya wenyewe. Lipu ya 1953 sasa nayo ni mali ya kale. Inapopasuka anaitwa mhifadhi, naye hana ruhusa ya kuboresha.

Kazi ya miaka ile ilizaa watu wenye ujuzi ambao nchi yao haikuweza kuwatumia wote. Karakana za serikali za uhifadhi, zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, zilianza kupeleka mafundi nje. Kuanzia 1961 Wapolandi walifanya kazi Misri kwenye hekalu la Malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari, wakitafuta kila jiwe lilikoangukia na kulirudisha. Mwaka huohuo Kazimierz Michałowski alianza kuchimba Faras, kaskazini ya Sudan, mahali ambapo maji ya bwawa la Aswan yangefika baada ya miaka michache. Chini ya mchanga likatokea kanisa kuu la Wanubi, kuta zake zimejaa michoro ya kuanzia karne ya 8. Zaidi ya 120 ilibidi ibanduliwe kabla ya maji.

Rangi zilikuwa zimepakwa juu ya lipu kavu, kwenye kuta za udongo na mawe, na zingebaki mkononi kama unga. Mhifadhi Józef Gazy na wenzake waliziloweka kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo, wakabandika karatasi laini juu yake na kuipiga pasi ya moto ili nta ipenye, kisha wakaikata lipu nyuma kwa misumeno na visu virefu, wakailaza michoro kifudifudi juu ya mbao, ikafungwa masandukuni. Kabla ya kugusa chochote, kila ukuta ulichorwa na kupigwa picha. Michoro 67 ilikwenda Warsaw, iliyosalia ikabaki Khartoum katika Makumbusho ya Taifa. Makumbusho hayo yaliporwa katika vita vilivyoanza Aprili 2023. Picha na vipimo vya Faras vimekwisha kuchapishwa, vya Khartoum pamoja na vya Warsaw, na mwenye kuvihitaji atavipata.